Uzi: Weka mipaka ya Asia pembeni, fuata maji

MpendaRamani (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu salama.

Fungua ramani ya Asia, sogea hadi jimbo la Yunnan, kusini magharibi mwa China. Utaona mito mitatu imebanana kama ndugu waliolala mkeka mmoja. Wa magharibi ni Salween, ambao Wachina wanauita Nu. Wa kati ni Mekong, huko juu unaitwa Lancang. Wa mashariki ni Yangtze, na hapo bado unatumia jina la Jinsha. Inashuka sambamba kuelekea kusini kwa karibu kilomita 170, kila mmoja ndani ya korongo lake, na baina yao milima imesimama wima kama kuta za vyumba. Ukisimama juu ya ukuta mmojawapo mvua ikakunyeshea, maji ya bega la kushoto na ya bega la kulia hayakutani tena, na hata bahari yanakoishia si moja.

Salween unakata Myanmar na kuingia Bahari ya Andaman. Mekong unazipitia Laos, Thailand na Kambodia, unamwagika kusini mwa Vietnam. Yangtze ukifika mji mdogo wa Shigu unakunja kona kali, unarudi kaskazini kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, kisha unavuka China nzima hadi Shanghai. Bonde lake leo lina watu zaidi ya milioni 400. Kona ile isingekuwepo, sijui wangeishi wapi.

Darasani Asia tuliipata kwa mafungu: Mashariki ya Kati, Asia ya Kati, Kusini, Kusini Mashariki, Mashariki ya Mbali. Kila fungu na nchi zake, miji mikuu, mazao ya biashara. Nilikariri yote, nikafaulu mtihani, na baada ya wiki sikubaki na kitu. Bara lenye kilomita za mraba milioni 44 na ushee na karibu asilimia 60 ya binadamu wote, halafu mtu unatoka na orodha ya miji mikuu! Nilianza kulielewa siku nilipoacha kutazama rangi za nchi nikaanza kufuata mito, kidole juu ya karatasi, kutoka chanzo hadi mdomo.

Sasa tuanzie kwenye paa. Miaka milioni 50 hivi iliyopita ardhi ya India, iliyokuwa ikisafiri peke yake kutoka kusini, iligonga Asia. Haijasimama mpaka leo, inaendelea kusukuma kwa sentimita 4 hadi 5 kila mwaka. Mkunjo wa mbele wa ajali hiyo ndio Himalaya, na nyuma yake pakainuliwa uwanda wa Tibet: kilomita za mraba milioni 2.5, kwa wastani zaidi ya mita 4,500 juu ya bahari. Watu wakisikia Himalaya wanaikimbilia Everest na mita zake 8,849. Mimi naona Everest ni kigae kimoja tu. Cha kutazama ni paa lenyewe na michirizi yake.

Upande wa magharibi wa Tibet upo Mlima Kailash. Wahindu, Wabudha, Wajaini na wafuasi wa dini ya Bon wote wanautukuza, wanauzunguka kwa miguu kilomita 52, na hakuna anayeupanda hadi kileleni. Ukiachilia mbali imani, mtu wa ramani naye anauvulia kofia: karibu na mlima huo inaanzia Indus, Sutlej, Brahmaputra, na Karnali unaoingia Ganges. Indus unashika kaskazini magharibi, unazunguka Himalaya kwa upande wake na kuteremka Pakistan hadi Bahari ya Arabu. Brahmaputra unashika mashariki, unasafiri zaidi ya kilomita 1,000 nyuma ya milima bila kupata upenyo, unaupata kwenye mlima Namcha Barwa, unageuka ghafla na kushuka Assam, kisha Bangladesh. Mito miwili iliyozaliwa jirani inalizunguka bara Hindi kama mikono miwili na kuliacha katikati.

Naenda kunywa maji, narudi na habari ya upepo.

Kobazi

Nimeweka kambi hapa. Ila mkuu, kabla hujaenda mbali: hiyo Asia yenyewe inaanzia wapi? Magharibi hakuna bahari inayoitenga na Ulaya.

MpendaRamani

Kobazi, hapo sina ugomvi na wewe. Wagiriki wa kale waliita Asia ng'ambo ya pili ya bahari yao, basi. Mpaka wa Milima ya Ural ulipendekezwa karne ya 18, na aliyeupigia debe ni Mrusi Vasily Tatishchev. Kilele kirefu cha Ural hakifiki mita 1,900. Watu, mito na pepo wanavuka huku na huku bila habari. Istanbul mtu anaamka Asia, anavuka daraja, anafanya kazi Ulaya. Ni mstari wa makubaliano, tuuache hapo.

Upepo sasa. Sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati moja katika somo hili: neno tunalo. Msimu limetoka kwa Waarabu, mawsim, na Wareno walilibeba neno hilohilo likafika Ulaya likiwa na maana ya pepo zenyewe. Kaskazi na kusi vilivyokuwa vikisukuma majahazi ni mashine ileile inayoilisha Asia. Majira ya joto yakifika, ardhi ya Asia inachemka, hewa inapanda, na nafasi yake inajazwa na hewa iliyosheheni unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Mvua inapiga hodi Kerala karibu na tarehe 1 Juni, inapanda kaskazini, inagonga ukuta wa Himalaya na kumwaga kila ilichobeba. India inapata sehemu kubwa ya mvua yake ya mwaka mzima kati ya Juni na Septemba. Nyuma ya ukuta, Tibet na majangwa ya kaskazini yanabaki na makombo.

Nikupelekeni mahali pamoja tu, Meghalaya, kaskazini mashariki mwa India. Vilima vyake ndivyo vya kwanza kukutana na mawingu yanayotoka Ghuba ya Bengal. Kijiji cha Mawsynram kinapata wastani wa milimita 11,800 hivi kwa mwaka. Jirani yake Cherrapunji iliweka rekodi kati ya Agosti 1860 na Julai 1861: milimita 26,461. Hizo ni mita 26 za maji, jengo la ghorofa nane.

Wenyeji wake Wakhasi wakienda shamba wanavaa knup, kitu kama gamba la kobe kilichosukwa kwa mianzi na majani, kinafunika kichwa hadi mgongo. Mwamvuli haufai, unakula mkono mmoja, na kupalilia kunataka miwili. Madaraja ya mbao nayo yanaoza mapema mno, kwa hiyo wao wanayaotesha. Wanachukua mizizi ya juu ya mti wa jamii ya mtini unaotoa mpira, wanaiongoza ng'ambo ya kijito kwa kuipitisha ndani ya magogo ya mpopoo yaliyochimbwa, kisha wanasubiri miaka 15 au zaidi. Anayeanza daraja anajua wenye kulifaidi ni wanawe. Na kadiri linavyozeeka ndivyo linavyoshika.

La kushangaza ni kwamba ukifika wakati wa kiangazi kikavu, watu wa Cherrapunji wanahangaika kutafuta maji ya kunywa. Udongo umeshasombwa, mawe hayanywi, mvua yote imeteremka mbio kwenda Bangladesh chini ya mteremko, ambako wao wanalia mafuriko.

ChotaMaji

Mkuu uzi umesimama, lakini naona umekwepa kaskazini. Siberia ina Ob, Yenisei na Lena, kila mmoja ni miongoni mwa mito mikubwa ya dunia. Ina Ziwa Baikal, kina mita 1,642, lenye karibu sehemu moja kwa tano ya maji baridi yote ya juu ya ardhi ambayo hayajaganda. Kama watu wanafuata maji, mbona hawako huko?

MpendaRamani

Swali lako ChotaMaji ndilo lililonifanya nirudie kuchora ramani yangu. Siberia ina maji, lakini mito yake imeelekea upande usiofaa. Yote mitatu inatoka kusini kwenye joto na kwenda kaskazini kwenye Bahari ya Aktiki. Majira ya kuchipua yakija, barafu inayeyuka kwanza huku juu ya mto wakati chini kungali kumeganda. Maji yanashuka, yanakuta mlango umefungwa, yanatapakaa nchi kavu. Ndiyo maana magharibi mwa Siberia kuna mabwawa na matope yasiyo na mwisho. Mei 2001 vipande vya barafu viliziba mto Lena karibu na mji wa Lensk, mji ukafunikwa na maji, na Warusi wakalazimika kutuma ndege za kivita kuipiga barafu mabomu ili mto upite.

Halafu kuna ardhi yenyewe, imeganda mwaka mzima. Yakutsk, mji wa watu zaidi ya laki tatu, nyumba zake kubwa zimesimama juu ya nguzo. Kisa si mafuriko. Nyumba ikigusa ardhi, joto lake litayeyusha udongo na itazama yenyewe. Mabomba ya maji na ya kupasha joto hayazikwi, yanapita hewani, yakifika barabarani yanapanda kama lango magari yapite chini. Kaskazini zaidi, Verkhoyansk ilipimwa nyuzi 67.8 chini ya sifuri mwaka 1892, na Juni 2020 ikafika nyuzi 38 juu ya sifuri. Mji mmoja, tofauti ya nyuzi zaidi ya 100.

Wasovieti waliwahi kupanga kuigeuza baadhi ya mito hiyo itiririke kusini kwenye mashamba ya pamba ya Asia ya Kati. Mpango ulifutwa mwaka 1986. Wakati huo pamba ilikuwa imeshakunywa Amu Darya na Syr Darya, na Bahari ya Aral, ambayo mwaka 1960 ilikuwa na kilomita za mraba 68,000 hivi, ilikuwa inakauka kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Bandari ya Moynaq, Uzbekistan, leo ina meli zilizokaa juu ya mchanga na bahari haionekani. Upande wa Kazakhstan walijenga bwawa la Kok-Aral mwaka 2005, kipande cha kaskazini kikaanza kujaa tena na samaki wakarudi. Upande wa kusini sioni dalili.

BintiKisiwani

Shikamooni wakubwa. Mleta uzi, mimi nina kisiwa cha kukutoa jasho: Java, Indonesia. Mto wake mrefu kuliko yote, Solo, ni wa kilomita 600 hivi, kwako wewe huo ni kijito. Theluji hakuna. Tibet haihusiki kabisa. Na bado kisiwa hicho kina watu zaidi ya milioni 150. Urusi nzima na ukubwa wake haiwafikii hao. Pembeni yake tu ipo Kalimantan, upande wa Indonesia wa kisiwa cha Borneo, kubwa mara kadhaa kuliko Java, mvua ya kumwaga, mito mipana inayobeba meli, na watu wachache. Maji yako yameishia wapi hapo?

MpendaRamani

Dada, umenibana. Hebu malizia mwenyewe, naona unalo jibu mfukoni.

BintiKisiwani

Jibu ni majivu. Java imekaa juu ya msururu wa volkano, na volkano zinapofoka zinatupa majivu yenye madini mapya. Mvua ya tropiki inasafisha rutuba kila mwaka, mlima unairudisha. Kalimantan haina volkano hai ya kuirudishia, udongo wake ni mzee, umeoshwa na mvua kwa muda mrefu mpaka ukachoka. Msitu ule mnene unaouona umesimama juu ya majani yake yenyewe yanayooza. Ukiukata, misimu michache shamba limekwisha. Wajava wanavuna mpunga mara mbili, hata mara tatu kwa mwaka, kwenye ngazi walizochonga kwenye miteremko ya mlima uleule unaoweza kuwaua.

Na wanajua. Mlima Merapi karibu na Yogyakarta ulikuwa na mlinzi wake aliyeteuliwa na Sultani, mzee aliyejulikana kwa jina la Mbah Maridjan. Oktoba 2010 serikali iliamuru watu washuke. Mzee alikataa, akisema kazi aliyopewa ni kukaa na mlima. Wingu la moto likashuka hadi kijijini kwake, naye akafa. Mlipuko ule uliua mamia ya watu. Baada ya muda wengi walionusurika walirudi juu kulima, kwa sababu huko ndiko ardhi iliko.

MpendaRamani

Nimekubali, na narekebisha hoja mbele ya wote. Maji peke yake hayatoshi. Watu wa Asia wamejazana pale maji na udongo mpya vinapofika pamoja. Java udongo unatoka chini ya ardhi kwa moto. Kwenye mabonde makubwa udongo unatoka juu, ni Himalaya na Tibet zinazosagwa na kuletwa na mto. Bangladesh yote, au tuseme sehemu kubwa yake, ni mlima uliosafirishwa. Nchi ya kilomita za mraba 148,000 hivi, watu zaidi ya milioni 170. Mongolia ina zaidi ya mara kumi ya eneo hilo na watu milioni 3.5 hivi, karibu nusu yao wamejikusanya Ulaanbaatar.

Ila udongo nao una deni lake. Mto Manjano, Huang He, unapita kwenye uwanda wa vumbi laini lililoletwa na upepo kwa maelfu ya miaka, unalibeba, na ukifika tambarare ambako mwendo unapungua, unalishusha. Sakafu ya mto inapanda. Wakulima wanainua matuta. Sakafu inapanda tena, matuta yanainuliwa tena. Ukifanya hivyo kwa miaka zaidi ya 2,000 unapata kioja kilichopo leo karibu na mji wa Kaifeng: mto unapita juu ya usawa wa mji. Mtu anatembea barabarani na meli, kama ingekuwepo, ingekuwa juu ya kichwa chake, nyuma ya tuta.

Mto wa namna hiyo ukipasua tuta haurudi mahali pake, maana hapo ndipo pa juu. Mwaka 1855 ulihama kabisa. Kabla ya hapo ulikuwa unaingia baharini kusini mwa rasi ya Shandong, tangu hapo unaingia kaskazini yake, umbali wa mamia ya kilomita. Na Juni 1938 jeshi la serikali ya China lenyewe lilibomoa tuta la Huayuankou ili kuwazuia Wajapani. Wajapani walicheleweshwa. Wanavijiji walikufa kwa mamia ya maelfu, na mamilioni wakawa wakimbizi ndani ya nchi yao. Habari hii kila nikiisoma naona watu wanaizungumza kama mbinu ya kivita, wakulima wanatajwa mwishoni kwa mstari mmoja.

Mwaka 1935 mwanajiografia Hu Huanyong alichukua ramani ya China akapiga mstari mmoja wa mshazari, kutoka Aihui kaskazini mashariki hadi Tengchong, Yunnan, si mbali na ile mito mitatu niliyoanza nayo. Mashariki ya mstari ndiko kuliko na mvua, mabonde na udongo wa mito. Magharibi kuna nyika, jangwa na paa. Tangu hapo kumepita vita, mapinduzi, njaa, viwanda, reli hadi Lhasa, na watu wameongezeka mara mbili na zaidi. Bado watu 94 hivi kati ya kila 100 wako mashariki ya mstari.

Kobazi

Kwa hiyo mwenye paa ndiye mwenye bomba. Wa chini wakigombana naye inakuwaje?

MpendaRamani

Inategemea bomba gani. India na Pakistan ziligawana mito mwaka 1960: Ravi, Beas na Sutlej kwa India, Indus, Jhelum na Chenab kwa Pakistan. Mkataba ulivuka vita vya 1965, 1971 na 1999 bila kuvunjika, jambo ambalo kwangu lilikuwa karibu na muujiza. Aprili 2025, baada ya shambulio la kigaidi la Pahalgam, Kashmir, India ikatangaza kuusimamisha. Kwa Brahmaputra hakuna mkataba wa namna hiyo na China, na Julai 2025 China ilizindua ujenzi wa mradi mkubwa sana wa umeme palepale mto unapogeuka kwenye Namcha Barwa.

Kwa Mekong tazama Kambodia. Kuna ziwa linaitwa Tonle Sap, limeunganishwa na Mekong kwa mto wenye jina hilohilo, na vinakutana Phnom Penh. Wakati wa kiangazi ziwa linamwaga maji kwenye Mekong kama ziwa lolote. Mvua zikianza na theluji ikiyeyuka huko juu, Mekong unajaa kiasi cha kuusukuma mto mdogo urudi nyuma. Ziwa linatoka kilomita za mraba 2,500 hivi hadi 15,000, linaingia msituni, na samaki wanaingia nalo kuzaliana kati ya mashina ya miti. Chakula cha taifa zima kinategemea mto kugeuka.

ChotaMaji

Subiri. Mto huohuo, kwenye njia ileile, unarudi ulikotoka?

MpendaRamani

Unarudi ulikotoka, kila mwaka. Vijiji vya kandokando vina nyumba juu ya nguzo ndefu. Machi mtoto anateremka ngazi mpaka aguse vumbi, Oktoba anafungua mlango na kukanyaga mtumbwi moja kwa moja. Maji yakianza tena kushuka, Novemba hivi, wanafanya mashindano ya makasia Phnom Penh. Mwaka 2019 na 2020 mvua zilikuwa haba, mabwawa ya huko juu yalikuwa yamezuia maji yao, Mekong ukashuka kuliko kawaida na mto ukachelewa kugeuka. Wavuvi walikaa na nyavu zao kavu wakitazama unapita upande uleule.